Je, Wajua? Taa ya Baiskeli, Jua Likishakuchwa

Je, wajua kwamba usiku wa kwetu huingia kwa haraka kuliko wa Ulaya? Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, likizama, limezama. Dar es Salaam, tangu jua linapotua mpaka ule mwanga wa kuonea njia bila taa unapokwisha, ni dakika 22 hivi, iwe Januari au Julai. London mwezi Juni muda huo hufika dakika 45 na kuzidi. Ndiyo maana mtu anayetoka shambani au kiwandani wakati wa adhana ya magharibi, na kwake ni kilomita 8 mbele, anapanda baiskeli kungali na mwanga na kushuka usiku.

Wajua kwamba sheria ya Uingereza ya mwaka 1888, iliyoihesabu baiskeli kuwa miongoni mwa vyombo vya barabarani, ilimtaka mwendeshaji awe na taa kuanzia saa moja baada ya jua kutua? Kule machweo ni marefu, sheria ingeweza kusubiri. Ukiifuata kanuni hiyo Mwanza au Mombasa utaendesha zaidi ya nusu saa gizani kabla hujagusa swichi. Huku kwetu taa iwashwe jua likiwa bado linaonekana, na alfajiri isizimwe mpaka jua limechomoza lote.

Wajua kwamba kivuli chako kinakuambia nani hakuoni? Jioni au asubuhi, kikiwa kirefu na kimelala mbele yako, jua liko mgongoni kwako na linampiga machoni dereva anayekuja mbele. Kikilala nyuma yako, anayepofushwa ni dereva wa nyuma, anayeelekea upande mmoja na wewe. Huyo wa pili ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa wewe mwenyewe humwoni. Washa taa ya nyuma hata kama watu watakushangaa kwamba bado ni mchana.

Wajua kwamba kuna taa ya kuonea na taa ya kuonwa, na kwamba dukani zinauzwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja? Ya kuonea inakuonyesha shimo, jiwe, mchanga na mbuzi aliyelala barabarani. Ya kuonwa haikuonyeshi chochote. Kazi yake ni kumwambia dereva kwamba hapo yupo mtu. Ukiendesha mjini, chini ya taa za barabarani, ya kuonwa inatosha. Ukiingia njia ya vumbi isiyo na nguzo hata moja, unazihitaji zote mbili. Watu wengi hununua ya mbele kwanza, kwa sababu ndiyo wanayoiona ikiwafanyia kazi. Nadhani wanaanza kinyume. Shimo la mbele unaweza kulikwepa kwa kupunguza mwendo au kushuka na kukokota. Gari la nyuma huna la kulifanya.

Hesabu ni hii. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva aliye makini huhitaji sekunde moja na nusu hivi kutambua kilicho mbele yake na kukanyaga breki. Hapo mita 33 zimekwisha na gari halijaanza kupunguza mwendo. Mpaka lisimame kabisa kwenye lami kavu, jumla ni mita 60 hadi 70. Mtu aliyevaa nguo nyeusi, akimulikwa kwa taa za dimu, kwa kawaida haonekani mpaka awe ndani ya mita 50, na mara nyingi pungufu ya hapo. Hata dereva mwema, asiyelewa na asiyeshika simu, hesabu hiyo inamshinda. Taa nyekundu inayowaka humwita kutoka mamia ya mita.

Wajua kwamba mjini Odense, Denmark, taa za baiskeli ziliwahi kufanyiwa majaribio kama dawa ya hospitali? Mwishoni mwa mwaka 2004 waendeshaji 3,845 waliojitolea waligawanywa makundi mawili. Watu 1,845 walifungiwa taa zinazowaka muda wote, mchana na usiku, zisizo na betri wala swichi: sumaku ndogo zimefungwa kwenye spoku, na kila zinapopita mbele ya taa huizalishia umeme. Wengine 2,000 waliendelea na baiskeli zao kama kawaida. Baada ya mwaka mmoja, kundi lenye taa lilikuwa na ajali za kujeruhi pungufu kwa asilimia 19. Kwenye ajali zinazohusu chombo kingine au mtu mwingine, zile ambazo kuonwa ndiko kunakookoa, upungufu ulikuwa asilimia 47. Na hizo hazikuwa taa kali; zilikuwa ndogo, ila hakuna aliyesahau kuziwasha.

Hapo kuna jambo la kushika unapochagua. Taa uliyoiacha nyumbani ikichajiwa haikusaidii, na taa yenye swichi ngumu hutaiwasha saa 12 jioni, utasema ngoja kidogo. Chagua ambayo kidole gumba kinaiwasha bila kushuka.

Wajua kwamba fulana ya kung'aa ya njano au kijani, ile inayowaka mchana kweupe, usiku haina kazi? Rangi zile hung'aa kwa kuugeuza mwanga wa jua usioonekana kwa macho kuwa rangi inayoonekana. Jua likishatua, taa za gari haziwezi kufanya kazi hiyo. Usiku kinachofanya kazi ni ile mistari ya fedha, kama bado ni mizima.

Itazame kama ni mizima. Usiku itundike fulana kwenye kamba ya nguo, sogea hatua 10, shika tochi ya simu sambamba na jicho lako, umulike. Mstari mzuri utakurudishia mwanga mweupe mpaka ukufumbishe macho. Sasa shusha simu mpaka kiunoni: mwanga utafifia mno. Rifleta hurudisha mwanga kule ulikotoka, na dereva huuona kwa kuwa macho yake hayako mbali na taa za gari lake. Mstari uliopasuka-pasuka, uliofuliwa kwa brashi au kukaushwa juani miaka miwili, utauona wa kijivu tu. Fulana zenye viwango huandikwa kwenye lebo ya ndani idadi ya mara za kufuliwa kabla mistari haijachoka.

Wajua kwamba CD iliyotundikwa nyuma ya baiskeli si rifleta? Inameremeta kwa rangi nzuri, lakini ni kioo. Hutupa mwanga upande wowote inakoelekea, na kwa bahati tu ndio utampata dereva. Kipande cha stika ya kung'aa kama zile za nyuma ya malori, hata cha sentimita 5, kinaishinda.

Wajua kwamba mahali pazuri kuliko pote pa kubandika stika hiyo ni mguuni? Watafiti wa Queensland, Australia, wakiongozwa na Joanne Wood, waliwapa madereva gari usiku kwenye barabara iliyofungwa, wakaweka humo waendesha baiskeli waliovaa kwa namna mbalimbali, kisha wakahesabu ni wangapi walitambuliwa. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 2012, ni haya. Waliovaa nguo nyeusi walitambuliwa asilimia 2. Wenye fulana ya rangi kali isiyo na mistari, asilimia 15. Wenye fulana ya mistari ya rifleta, asilimia 50. Waliovaa fulana hiyohiyo na kuongeza mikanda ya rifleta kwenye vifundo vya miguu na magotini, asilimia 90.

Tofauti ya 50 na 90 ni mikanda minne. Sababu yake ilianza kuchunguzwa zamani na mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson, aliyeonyesha mwaka 1973 kwamba ukifunga vitaa vichache kwenye viungo vya mtu na kumtembeza gizani, mtazamaji hutambua mara moja kwamba ni binadamu, ingawa haoni mwili wowote. Nukta zikisimama, hazina maana. Zikipanda na kushuka kwa mwendo wa kukanyaga pedali, ubongo unasema: mtu. Taa moja nyekundu inaweza kuwa pikipiki ya mbali, geti au kibao cha barabarani. Miguu inayozunguka haiwezi kuwa kitu kingine.

Pedali mpya nyingi huja na vipande vya rifleta vya njano kwa sababu hiyohiyo. Uingereza huvidai kisheria usiku kwa baiskeli zilizotengenezwa tangu Oktoba 1985. Vikidondoka njiani, vingi havirudishwi. Mwambie fundi avirudishe.

Wajua kwa nini shati jekundu hugeuka jeusi magharibi? Mwanasayansi Mcheki Jan Purkyně aliliona jambo hili mapema karne ya 19, akitazama maua alfajiri: mwanga ukipungua, nyekundu hutangulia kufa, na buluu na kijani hubaki. Seli za jicho zinazoshika zamu usiku karibu hazioni nyekundu. Basi mbona taa ya nyuma ni nyekundu? Kwa kuwa inatoa mwanga wake yenyewe, wenye nguvu ya kutosha kuziamsha seli za mchana. Nguo nyekundu haina mwanga wake.

Wajua kwamba tochi nyeupe iliyofungwa nyuma ni hatari kuliko unavyodhani? Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani uliiandikia baiskeli nyeupe au njano mbele, nyekundu nyuma, na rifleta nyekundu nyuma. Kwa rangi hizo dereva hujua unaenda au unakuja. Akiona nyeupe mbele yake upande wa kushoto wa barabara, anadhani kuna mtu anakuja kinyume naye, na anakadiria vibaya jinsi mtakavyokutana. Wenye tochi nyeupe tu hufunika kioo kwa karatasi nyekundu ya peremende au kipande cha mfuko. Mwanga unapungua sana, lakini rangi sahihi hafifu inashinda rangi ya uongo iliyo kali.

Taa ya kumeta, je? Nchi hazijakubaliana. Ujerumani hairuhusu taa ya baiskeli imete. Uingereza iliruhusu mwaka 2005, kwa sharti la kumeta mara 60 hadi 240 kwa dakika. Kila upande una sababu. Taa inayometameta huvuta jicho haraka, hasa mjini na wakati kungali na mwanga kidogo. Kwenye giza totoro, dereva hupata shida kukadiria umbali wake, maana kila mara inapozima anaipoteza. Ushauri wangu: jioni na asubuhi imete; usiku wa manane njia ya peke yako, iwake moja kwa moja. Mwenye mbili nyuma afanye moja hivi na moja vile. Ya mbele isimete kamwe gizani, kwani utaliona shimo nusu ya muda tu.

Wajua kwamba lumeni, namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, haisemi taa itafika wapi? Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka, uwe umekwenda barabarani au kwenye matawi ya miembe. Kinachoangukia barabara hupimwa kwa luksi, na hicho ndicho kinachokuonyesha jiwe. Halafu kuna kanuni isiyo na huruma: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika ni robo. Kwa hiyo taa yenye lumeni 400 haifiki mara mbili ya yenye lumeni 200 za umbo lilelile. Ili ifike mara mbili inahitaji 800. Mwezi mpevu kwenye anga safi hutoa kama robo ya luksi hivi, na kwa mwanga huo watu wametembea miaka yote. Kwa baiskeli ya mwendo hautoshi.

Ujerumani hawaulizi lumeni kabisa. Kanuni yao hutaka taa ya mbele itoe walau luksi 10 umbali wa mita 10, na ukingo wa juu wa mwanga ukatwe, kama dimu ya gari, ili anayekuja asipofuke. Taa iliyofaulu huchorwa mstari wa mawimbi, herufi K na namba. Ukiikuta alama hiyo, hata kwenye taa ya mtumba, jua kwamba kioo chake kilifikiriwa.

Tochi ya kawaida hutoa duara. Nusu ya juu ya duara hilo ni hasara kwako na adha kwa wenzako. Iinamishe, na uipime ukutani. Simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani, juu ya ardhi iliyo sawa. Pima taa iko juu kiasi gani. Tuseme mita moja. Katikati ya mwanga ukutani pawe nusu ya hapo, sentimita 50. Ikiwa hivyo, barabarani mwanga utagusa chini mita 10 mbele yako. Kipimo hiki kilikuwemo kwenye kanuni za Kijerumani miaka mingi, na hakihitaji kifaa chochote zaidi ya futi kamba. Ukiwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, mita 10 ni sekunde 2 na kidogo. Ukitaka kwenda kasi zaidi, inua kidogo, lakini kamwe isifike kwenye uso wa anayekuja.

Wajua kwamba taa ya kichwani, ile ya wachimbaji, huficha mashimo? Iko karibu mno na macho. Vivuli vyote vinakuwa nyuma ya vitu, usipoweza kuviona, na barabara yote inaonekana bapa. Taa iliyoshuka, kwenye usukani au chini yake juu ya uma wa mbele, hulaza kivuli kirefu nyuma ya kila kokoto, na shimo hujionyesha kwa ukingo mweusi. Vumbi au ukungu ukitanda tofauti inazidi: taa ya kichwani huziangaza chembe zilizo mbele ya macho yako, unaona pazia jeupe.

Simu mkononi nayo iachwe. Mkono ulioshika simu haushiki breki.

Wajua kwamba betri iliyoandikwa 9,900 mAh ni ya uongo? Betri za duara zinazotumika kwenye tochi nyingi huitwa 18650: upana milimita 18, urefu milimita 65. Kwa ukubwa huo, teknolojia iliyopo imefika kwenye 3,500 mAh hivi, na kuzidi hapo ni kidogo sana. Anayekuandikia 6,000 au 9,900 amebandika karatasi tu. Ishike mkononi. Nzima huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50. Nyepesi sana imefichwa betri ndogo ndani ya ganda kubwa. Ukiwa na mizani ya duka la viungo jirani, umepata maabara.

Na lumeni 10,000 za tochi inayoingia mfukoni? Vivyo hivyo. Taa ya LED yenye ubora hutoa lumeni 100 hadi 150 kwa wati moja, na lumeni 10,000 zingetaka wati 70 na zaidi. Tochi ndogo ingekuunguza mkono. Hata taa za kweli za baiskeli hupoa kwa upepo wa mwendo. Ukiiacha ikiwaka kwa nguvu zote huku umesimama kwenye foleni ya kivuko, itapata joto na nyingi zitajipunguza zenyewe.

Saa zilizoandikwa zisomwe kwa uangalifu pia. Kiwango cha Marekani cha kupimia tochi, kilichotoka mwaka 2009, huhesabu muda mpaka mwanga ubaki asilimia 10 tu ya ule wa mwanzo. “Saa 6” inaweza kuwa mbili za mwanga mzuri na nne za kibatari. Umbali nao huhesabiwa hadi pale mwanga unapofika robo luksi, ule wa mwezi mpevu.

Wajua maana ya IPX4? Taa yenye alama hiyo inavumilia maji ya kurushwa kutoka pande zote. IPX7 inavumilia kuzamishwa mita moja kwa nusu saa. Kwa masika ya Pwani, IPX4 ndiyo ya chini kabisa ya kukubali, na kile kizibo cha mpira cha tundu la chaja kikikatika, namba hiyo imekwisha.

Sasa dainamo, ambayo vijana wanaisahau na mimi naitetea. Ile chupa ndogo inayosugua ubavuni mwa tairi hutoa volti 6 na wati 3: wati 2.4 kwa balbu ya mbele na 0.6 kwa ya nyuma. Haichajiwi, haiibiwi kirahisi, haiishi njiani. Ujerumani iliilazimisha kwenye baiskeli za kawaida mpaka mwaka 2013, ndipo wakaruhusu betri. Udhaifu wake ni mvua, gurudumu lake linapoteleza kwenye tairi lililolowa, na kusimama, taa inapozima palepale kwenye makutano unapoihitaji. Dainamo za kisasa za ndani ya kitovu cha gurudumu hazitelezi, na taa zake nyingi zina akiba ndogo ya umeme inayozishikilia dakika kadhaa ukisimama.

Wajua kwa nini balbu ya mbele ya dainamo ikiungua, ya nyuma hufuata? Umeme uliokuwa ukigawanywa na balbu mbili wote humwagikia ile ndogo ya wati 0.6, na ukiwa unateremka mlima, haimalizi kona. Beba balbu ya akiba, au badilisha zote kwa taa za LED zilizotengenezwa kwa dainamo.

Na wajua kwa nini dainamo nzima mara nyingi hudhaniwa imekufa? Ina waya mmoja tu kwenda kwenye taa. Njia ya pili ya umeme ni fremu yenyewe. Mtazame fundi mzee anapoifunga: kwenye kile kibanio kuna skrubu ndogo yenye ncha, naye huikaza mpaka isikike imeng'ata chuma chini ya rangi. Rangi mpya, kutu au skrubu iliyolegea hukata njia hiyo, na mwenye baiskeli anakwenda kununua dainamo nyingine. Kwangua rangi kidogo chini ya kibanio, kaza skrubu, zungusha gurudumu kwa mkono. Mara nyingi inawaka.

Wajua kwamba bodaboda za kwanza zilikuwa baiskeli, zikivusha watu mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda? Abiria akikaa kwenye keria, taa iliyofungwa chini ya kiti imekwisha kazi: kiuno chake kimeifunika. Hilohilo kwa mzigo. Tazama baiskeli ya mkaa inapotoka porini kuelekea mjini jioni. Magunia mawili yamesimama juu ya keria, la tatu limelazwa, yameshuka ubavuni karibu na ekseli. Rifleta ya madigadi haionekani. Taa ya chini ya kiti haionekani. Miguu ya mwendeshaji, ile inayozunguka, haionekani. Dereva wa nyuma anakuja kwenye ukuta mweusi usiometa, mpana kuliko mtu.

Kwa baiskeli hiyo taa haifungwi kwenye baiskeli, inafungwa kwenye mzigo. Kamba ya tyubu inayokaza magunia ina mzunguko wa mwisho, wa nje kabisa. Taa ipachikwe pale, kioo kikitazama nyuma wala si juu, kwa sababu gunia lililobinuka hupeleka mwanga angani. Stika mbili za rifleta zibandikwe kwenye vipande vya plastiki ngumu na kushonewa pembe za nje za magunia, kushoto na kulia, ili dereva ajue upana. Vumbi la mkaa lifutwe kwenye kioo kila unapopumzika. Matenga ya samaki na madumu ya maziwa ni vilevile.

Wajua kwamba upande wa kufungia taa unategemea nchi? Tanzania, Kenya na Uganda tunapita kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Taa ya nyuma isiyokaa katikati ikae upande wa magari, si upande wa majani: kwetu ni kulia, na ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, ihamishie kushoto.

Wajua kwamba macho yako yanahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza vizuri, na kwamba mtazamo mmoja wa simu yenye mwanga mkali unakurudisha nyuma? Gari likikupiga fulu, usizitazame taa zake. Fuata kwa macho ukingo wa barabara upande wako, na funga jicho moja kama unaweza, ulihifadhi. Mtu wa miaka 60 hupokea ndani ya jicho kama theluthi tu ya mwanga anaopokea wa miaka 20. Mzee anayeendesha baiskeli alfajiri kwenda msikitini anahitaji taa kali kuliko ya mjukuu wake. Na dereva wa basi wa miaka 55 anahitaji kukuona mapema zaidi.

Kwa anayenunua kidogo kidogo, mpangilio wangu ni huu: stika za rifleta za miguuni, kwa kuwa karibu ni bure, taa nyekundu ya nyuma, ndipo taa ya mbele yenye mwanga uliokatwa juu, mwisho kabisa, fulana. Aliye na dainamo ya zamani aifufue kabla hajanunua chochote.

Na kwa mzazi ambaye mtoto wake huondoka kwa baiskeli saa 11 alfajiri kuwahi shule: vipande viwili vya stika ya rifleta, kimoja nyuma ya kila kiatu, ni kazi ya dakika chache. Tafadhali, vibandike leo.